Kwa nini ukucha uliojeruhiwa haufai kung'olewa kwa pupa

WAHENGA walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Pengine aliyenena hivyo hakuwa amejigonga ukucha wa kidole gumba cha mguu kwenye jiwe gizani, wala hakuwa ameangushiwa mtungi wa gesi mguuni akiwa amevaa ndara. Maumivu hayo humfanya mtu mzima kuketi chini kando ya barabara bila kujali wapita njia wanaomtazama.

Ajali za aina hii hutokea kila siku. Fundi wa mjengo huangukiwa na jiwe, mkulima hujikata kwa jembe, abiria wa bodaboda huburuta mguu kwenye lami, naye mtoto anayecheza kandanda pekupeku hulenga mpira akapiga ardhi. Kwa kuwa jeraha la kidole huonekana dogo, wengi hawaoni haja ya kwenda zahanati. Hujitibu nyumbani, na mara nyingi jambo la kwanza wanalofanya ni kuung'oa ukucha uliolegea, wakiamini kwamba ukiondoka mapema jeraha litapona upesi.

Imani hiyo ndiyo inayowatesa wengi kuliko jeraha lenyewe. Ili kuelewa sababu, ni muhimu kwanza kujua ukucha ni kitu gani.

Ukucha hauna uhai. Umeundwa kwa keratini, protini ngumu iliyomo pia katika nywele na katika pembe za ng'ombe, na ndiyo maana mtu hahisi uchungu anapoukata. Kilicho hai ni ngozi laini ambayo ukucha umeilalia, ngozi iliyojaa mishipa ya damu na neva, pamoja na shina la ukucha lililofichika nyuma, chini ya ngozi ya kidole. Sehemu ndogo ya shina hilo huonekana kwa baadhi ya watu, hasa katika kidole gumba cha mkono, mithili ya mwezi mwandamo mweupe. Shina ndilo kiwanda. Ukucha mzima waweza kupotea na mwingine ukaota mahali pake, mradi shina liwe zima. Shina likikatwa na kupona vibaya, ukucha mpya huota ukiwa na ufa au mtaro ambao mtu huishi nao maisha yake yote.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba chini ya ngozi hiyo laini hakuna mafuta wala msuli. Kilichopo ni mfupa, tena umbali wa milimita chache tu. Kwa hivyo ukucha, hata ule uliokufa rangi na kulegea, bado ni kifuniko cha jeraha na ngao ya mfupa. Anayeung'oa huondoa bandeji ambayo maumbile yalikwisha kuifunga.

Hatua za kwanza

Baada ya ajali, kinachohitajika ni maji safi yanayotiririka na sabuni ya kawaida. Jeraha lioshwe hadi mchanga na uchafu wote utoke, kisha likandamizwe kwa kitambaa safi kwa dakika 10 au 15 bila kufunuliwa kila mara ili kuchungulia. Mguu uinuliwe juu ya mto au kiti. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, isiguse ngozi moja kwa moja, hupunguza uvimbe ikiwekwa kwa muda mfupi mfupi. Parasetamoli hutosha kwa watu wengi kutuliza maumivu.

Spiriti haifai kumwagwa kwenye ngozi iliyoachwa wazi na ukucha. Licha ya kuchoma kama moto, huua chembe hai zinazojaribu kuliziba jeraha. Mafuta taa, dawa ya meno, majivu, unga wa betri na tumbaku ya kunusa, vitu ambavyo kila mtaa una bingwa wa kuvisifu, havina nafasi hapa. Udongo na samadi ni hatari zaidi, kwa kuwa ndimo zinamokaa mbegu za bakteria wa pepopunda.

Ugonjwa huo wa pepopunda haubagui ukubwa wa jeraha. Bakteria wake hustawi mahali pasipo na hewa, kama vile chini ya ukucha uliochomwa na msumari au mwiba. Aliyejeruhiwa na kitu kichafu anapaswa kuchanjwa iwapo miaka 5 imepita tangu achanjwe mara ya mwisho. Kwa jeraha dogo na safi, kipimo ni miaka 10. Wanawake wengi hupata chanjo hii wanapohudhuria kliniki ya wajawazito, ilhali wanaume wengi hawajadungwa tangu utotoni, na hata hawakumbuki walidungwa lini.

Damu inapovilia

Kidole kinapopondwa bila ukucha kung'oka, damu huvilia chini yake. Ukucha hugeuka wekundu, kisha zambarau, kisha mweusi. Kwa kuwa damu hiyo haina pa kutokea, husukuma ukucha juu na ngozi chini, na mgonjwa huhisi kidole kikidunda kwa kila pigo la moyo. Wengi hawalali usiku wa kwanza.

Iwapo maumivu si makali, hakuna tiba inayohitajika. Yakiwa makali, daktari, tabibu au muuguzi aliyefunzwa anaweza kutoboa tundu dogo kwenye ukucha kwa sindano nene au kifaa maalumu chenye ncha ya moto. Kwa vile ukucha hauna neva, kutobolewa kwenyewe kwa kawaida hakuumi. Damu huchuruzika, na mgonjwa hupata nafuu papo hapo. Tiba hii hufaa zaidi katika saa 24 hadi 48 za mwanzo, kabla damu haijaganda. Baada ya hapo hakuna kitakachotoka, na kutoboa huwa ni kuwafungulia bakteria mlango bure.

Wapo wanaojitoboa nyumbani kwa pini iliyokolezwa moto wa jiko. Hatari yake ni kwamba pini ikipita ukucha kwa nguvu huchoma ngozi iliyo chini na kupeleka uchafu karibu na mfupa. Isitoshe, mtu aliye nyumbani hawezi kujua kama mfupa umevunjika. Kuutoboa ukucha ulio juu ya mfupa uliovunjika si jambo la kubahatisha.

Zamani madaktari walifunzwa kwamba damu ikijaa zaidi ya nusu ya ukucha, sharti ukucha uondolewe ili ngozi ikaguliwe na kushonwa. Siku hizi msimamo umelegezwa. Ikiwa ukucha bado umeshika pande zote na kingo zake ni nzima, huachwa, hata kama umekuwa mweusi tititi.

Ukucha uliong'oka nusu

Hapa ndipo pupa hufanya kazi yake mbaya. Ukucha umeshika upande mmoja, upande wa pili unaning'inia na kunasa kwenye soksi na shuka. Mtu hufumba macho, akauvuta. Pamoja nao huondoka kipande cha ngozi laini, na wakati mwingine sehemu ya shina.

Njia iliyo salama ni kuikata ile sehemu iliyolegea tu, kwa mkasi mdogo au kikata kucha kilichosafishwa, na kuiacha iliyoshika ibaki mahali pake. Sehemu isiyokatika kwa urahisi ifungwe kwa plasta ili isinase. Baadaye ukucha mpya unapoota, huusukuma wa zamani polepole hadi unaanguka wenyewe bila uchungu wala damu.

Ukucha ukiwa umeng'oka wote, ngozi iliyobaki wazi hupakwa vaselini safi, ikafunikwa kwa shashi isiyogandamana na jeraha, kisha bandeji. Wengi husahau vaselini. Matokeo yake ni kwamba shashi hukauka pamoja na damu, na kila inapobadilishwa huchubua upya kilichokuwa kimeanza kupona. Bandeji hubadilishwa kila siku, au mara tu inapolowa. Ikiwa imegandamana, iloweshwe kwa maji ya uvuguvugu hadi iachie. Kwa kawaida ngozi hiyo hukauka na kuwa ngumu kiasi baada ya wiki moja hadi mbili, na hapo kidole chaweza kuachwa wazi nyumbani na kufunikwa tu mtu anapovaa viatu.

Wapo wanaouokota ukucha uliong'oka na kuupeleka hospitalini, wakitumaini utarudishwa. Si upuuzi. Kwa miaka mingi madaktari wa upasuaji, baada ya kuishona ngozi iliyopasuka, walikuwa wakiurudisha ukucha mahali pake na kuushikiza kwa nyuzi. Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika hospitali za Uingereza kwa watoto 451 waliojeruhiwa vidole vya mkono, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba waliorudishiwa ukucha hawakupona vizuri zaidi kuliko wale ambao ukucha wao ulitupwa na jeraha kufungwa. Ikumbukwe kwamba watoto hao walikuwa wamehudumiwa na madaktari wa upasuaji, wakiwa wametiwa dawa ya usingizi au ganzi. Utafiti huo haumpi mtu kibali cha kung'oa nyumbani ukucha ambao bado umeshika.

Yapo majeraha ambayo hayafai kusubiri asubuhi. Kidole kilichopinda, kisichoweza kukanyagiwa au kilichofura sana huhitaji picha ya eksirei. Ngozi iliyopasuka chini ya ukucha huku mfupa umevunjika huhesabiwa kuwa mvunjiko wa wazi, na mgonjwa hupewa viuavijasumu. Watoto wanahitaji uangalifu zaidi. Mfupa wa mtoto una sehemu laini ya kukulia iliyo karibu kabisa na shina la ukucha. Mtoto akijikwaa na damu ikachuruzika kwenye shina la ukucha, huenda sehemu hiyo imevunjika, na uchafu ukapata njia ya kuufikia mfupa. Mzazi hufunga kitambaa akidhani ni jeraha la mchezo. Wiki kadhaa baadaye kidole kinatoa usaha, na mfupa umeoza. Kidole kilichotibiwa mapema hupona. Kilichocheleweshwa huenda kisikue kama vingine.

Safari ya mwaka mzima

Ukucha wa mkono huota takriban milimita 3 kwa mwezi. Wa mguu huenda nusu ya mwendo huo, milimita 1.5 hivi. Kwa hesabu hiyo, ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua miezi 12 hadi 18 kurejea kikamilifu, na kwa wazee hukawia zaidi. Hakuna kidonge, mafuta wala mlo unaothibitishwa kuuharakisha kwa mtu mwenye afya. Anayeuziwa dawa ya kuotesha ukucha kwa wiki 3 ameuziwa maneno.

Kwa wiki za mwanzo hakuna kinachoonekana, na wengi huingiwa na hofu kwamba ukucha hautarudi. Kisha utando mwembamba hujitokeza nyuma, ukiwa na mikunjo kama bati la paa. Mikunjo hiyo aghalabu hupungua kadiri ukucha unavyosonga mbele. Tatizo kubwa huja katikati ya safari. Kidole kikikaa miezi mingi bila ukucha wa kukikandamiza, nyama ya nchani huinuka na kuwa kama kilima kidogo, na ukucha mpya unapofika hapo hugonga ukuta, ukaanza kuchimba nyama. Kuikanda nyama hiyo kwa kuivuta chini mara kwa mara baada ya kuoga, na kuepuka viatu vinavyobana, husaidia kuupisha ukucha. Unapofika mwisho, ukatwe mnyoofu, kingo zisizungushwe.

Wengine hupata ukucha mnene, wa manjano na unaovunjika-vunjika. Huenda ni kovu la shina, au huenda ni kuvu, ambayo hupenda kuingia katika ukucha uliokwisha kudhurika. Kwa macho ni vigumu kutofautisha. Kwa kuwa vidonge vya kutibu kuvu ya ukucha wa mguu humezwa kwa takriban wiki 12 na vyaweza kuathiri ini, ni busara kipande cha ukucha kipimwe kwenye maabara kabla ya kuvianza.

Dalili za kumrudisha mgonjwa hospitalini ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua baada ya siku 2 au 3, wekundu au weusi wa ngozi unaopanda mguuni, joto, harufu mbaya, usaha na homa. Kwa anayeugua kisukari, hakuna sababu ya kungoja dalili hizo. Ugonjwa huo huzitia ganzi neva za miguu na kupunguza damu inayofika vidoleni, hivi kwamba mtu huweza kupoteza ukucha ndani ya kiatu asubuhi na kugundua jioni anapoona soksi ina damu. Miguu mingi inayokatwa kwa sababu ya kisukari huanza na kidonda kidogo ambacho mwenyewe hakukihisi. Mgonjwa wa kisukari aikague miguu yake kila jioni, asiitie katika maji ya moto, na jeraha lolote la ukucha alipeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Katika sehemu zinazosumbuliwa na funza, kucha hupotea bila kujikwaa. Mdudu huyo hupenda kujichimbia kandokando ya ukucha, na wakiwa wengi huunyanyua hadi uanguke. Kuwachokoa kwa pini moja inayozunguka nyumba nzima ni njia ya kuambukizana maradhi. Mafuta ya dimetikoni, yaliyojaribiwa humu nchini na matokeo kuchapishwa mwaka 2014, yaliua funza wengi zaidi kuliko ile dawa ya zambarau ya kuloweka miguu.

Weusi usiotokana na ajali

Si kila ukucha mweusi umegongwa. Mwaka 1977, mwanamuziki wa reggae Bob Marley aliumia kidole gumba cha mguu wa kulia akicheza kandanda. Kidonda kilichukuliwa kuwa cha mpira, lakini hakikupona. Uchunguzi ulionyesha kwamba chini ya ukucha mlikuwa na melanoma, aina ya saratani ya ngozi. Alishauriwa akatwe kidole akakataa, na badala yake ukucha na ngozi ya chini yake vikaondolewa. Saratani ilisambaa mwilini, naye akafariki mjini Miami, Marekani, Mei 11, 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Saratani hii ni nadra, na haifai kumtia hofu kila aliyejikwaa. Hata hivyo, melanoma inapowapata watu weusi, mara nyingi hutokea katika nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halihusiki na ambapo watu hawazoei kupatazama.

Ipo njia rahisi ya kutofautisha. Damu iliyovilia husafiri. Kwa kuwa imenaswa chini ya ukucha unaoota, husogea mbele nao, na baada ya miezi 2 au 3 ukanda safi wa milimita kadhaa huonekana nyuma yake. Kupiga picha kwa simu mara moja kila mwezi kunatosha kuufuatilia mwendo huo. Weusi wa kutiliwa shaka hausogei. Mara nyingi huanza kama mstari unaotoka shinani hadi nchani, ukapanuka, ukawa na rangi zisizolingana, au ukamwagikia ngozi iliyo kando ya ukucha. Watu weusi wengi wana mistari myembamba ya asili katika kucha kadhaa, nayo haina madhara. Anayestahili kumwona daktari wa ngozi ni mtu mzima aliyepata mstari mpya katika ukucha mmoja, au ambaye mstari wake wa zamani umeanza kubadilika, au ambaye ukucha wake hupasuka na kutoa damu bila kugongwa. Daktari huchukua kipande kidogo cha ngozi kikapimwe.

Viatu

Majeraha mengi ya kucha hayatokani na mawe wala mitungi ya gesi, bali na viatu. Wakimbiaji wa masafa marefu huwa na kucha nyeusi kwa sababu mguu huteleza mbele na kugonga ncha ya kiatu maelfu ya mara, hasa kwenye mteremko. Yawapatayo wapandaji wa Mlima Kenya ni hayo hayo: kucha zao huumia zaidi wakishuka kutoka kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985, kuliko wakikipanda. Hata mabingwa hawajasalimika. Mwaka 2015 Eliud Kipchoge alishinda Berlin Marathon kwa saa 2 na dakika 4 huku soli za ndani za viatu vyake zikichomoza nje na kupepea, akamaliza akiwa na malengelenge na kidole gumba kilichokatika.

Kiatu kizuri huacha nafasi ya takriban sentimita moja mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa watu wengine ni cha pili wala si gumba. Kijaribiwe jioni, kwa kuwa miguu hufura kadiri siku inavyosonga, na kikavaliwe pamoja na soksi zitakazotumiwa nacho. Kamba zifungwe barabara kwenye kifundo ili mguu usiteleze. Mzazi anayemnunulia mwanafunzi viatu vikubwa mno ili avikulie huenda anaokoa fedha, lakini mguu unaoogelea ndani ya kiatu hugonga mbele kama ule uliobanwa. Kwa fundi wa mjengo, buti lenye chuma nchani ndilo linalofaa. Ndara na akala ziachwe kwa shughuli za nyumbani, na mtungi wa gesi ubebwe na mtu aliyevaa viatu.